Maswali na Majibu: Chaja na umeme wa nje kwa ndege ndogo

Barua nyingi za safari hii zinahusu betri: chaja ipi inunuliwe, na ndege iwashweje betri inapokuwa imeishiwa. Tumechagua zinazowagusa wengi, kuanzia vilabu vya urubani hadi mafundi wanaohudumia Cessna Caravan, ndege ya injini ya turubini, kwenye viwanja vya vumbi. Kitabu cha ndege yako au cha betri yako kikisema tofauti na sisi, fuata kitabu.

SWALI: Klabu yetu iko Wilson, Nairobi. Tuna Cessna 172 ya mwaka 1974 na 172S yenye G1000 (vyombo vya skrini za elektroniki). Tunataka kifaa kimoja tu kichaji betri zote mbili, kiwashe injini betri ikiisha, na wanafunzi wakitumie kujifunza G1000 ndege ikiwa imeegeshwa. Tununue kipi?
Katibu wa klabu, Nairobi

JIBU: Ndugu katibu, msinunue kimoja. Mnachokitaka ni kazi tatu, na kila kazi ina umeme wake.

Kuchaji kunataka ampea chache zinazodhibitiwa kwa makini kwa saa nyingi. Kuendesha vyombo kunataka volti tulivu na ampea za kutosha, tuseme 30 hadi 50, bila mapigo wala mtikisiko. Kuwasha injini kunataka mamia ya ampea kwa sekunde chache tu. Mkilazimisha chaja ya ampea 8 iendeshe G1000, itazidiwa, na upungufu utatoka kwenye betri kimyakimya. Mwisho wa somo mtaikuta betri imekwisha ilhali chaja ilikuwa imechomekwa muda wote. Na chaja yenye hali ya kupiga mapigo ya kuondoa salfeti (ukoko unaoganda kwenye bamba za betri) haifai kabisa kuunganishwa huku vyombo vya elektroniki vimewashwa.

Kisha kuna jambo la volti, na hapa ndipo klabu yenu ina hatari ya pekee. 172 yenu ya 1974 ina betri ya volti 12 na alteneta ya volti 14. Cessna walihamia volti 28 kwenye 172 kuanzia modeli za mwaka 1978, kwa hiyo 172S ina betri ya volti 24. Ubaya ni kwamba soketi ya umeme wa nje yenye pini tatu imefungwa kwenye Cessna za volti 14 na za volti 28 vilevile. Plagi ya mkokoteni wa volti 28 (chombo cha umeme wa nje chenye magurudumu) itaingia vizuri tu kwenye ndege ya volti 14, na redio zitaungua kabla mtu hajauondoa mkono wake. Umbo la plagi halikuambii volti. Andikeni kwa rangi, herufi kubwa, kando ya soketi ya kila ndege: VOLTI 14 au VOLTI 28, na kwenye kebo vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi chaja yenye swichi ya 12/24 katika banda la ndege mchanganyiko. Siku moja mtu ataisahau upande usio wake. Nunueni chaja mbili za kutunzia betri, moja ya volti 12 na nyingine ya 24, kila moja ikiwa imefungwa kwenye volti yake. Halafu mziwekee plagi zisizoingiliana. Plagi za Anderson aina ya SB zinafaa sana hapa kwa sababu za rangi tofauti hazishikani hata ukisukuma kwa nguvu. Waya wa kudumu unaofungwa kwenye betri ya ndege uwe na fyuzi karibu kabisa na kichwa cha betri, na kazi hiyo ifanywe na mhandisi mwenye leseni kwa maelekezo yaliyoidhinishwa, kisha iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Ni badiliko la ndege hata kama ni waya wa nusu mita.

Kwa masomo ya G1000, chombo cha pili cha kununua ni kigeuzi cha umeme cha volti 28 kilichodhibitiwa, chenye kinga ya kukata volti ikizidi, kinachoingia kupitia soketi ya umeme wa nje. Angalieni ampmita ya ndege wakati vyombo vyote vimewashwa, kisha chagueni kigeuzi chenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya namba hiyo. Msidanganyike na betri: yenye Ah 10 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) ikitoa ampea 20 ingedumu nusu saa kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa kuwa uwezo wa betri hushuka ukiivuta haraka. Fungueni milango, maana vyombo hivyo hutoa joto na ndege iliyosimama haina upepo wa kuvipoza.

Mkokoteni wa kuwashia injini uwe wa mwisho. Klabu inayotunza betri zake zikiwa zimejaa huuhitaji mara chache mno.

SWALI: Betri ya AGM ya ndege yetu hapa Mombasa imevimba ubavuni kabla ya miaka miwili. Tuliiacha kwenye chaja nzuri ya gari kila siku ili iwe imejaa. Kosa liko wapi?
Fundi, Mombasa

JIBU: Kosa ni volti kwenye joto. Chaja yenyewe huenda ni nzima kabisa.

AGM ni betri ya risasi na asidi iliyofungwa. Betri ya namna hiyo hukubali umeme kwa urahisi zaidi kadiri inavyopata joto, kwa hiyo volti ya kuchajia inatakiwa ishuke joto linapopanda. Makadirio ya kufanyia kazi ni volti 0.02 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi kwa betri ya volti 12, na 0.04 kwa ya volti 24, kuanzia nyuzi 25. Betri ya ndege inayotaka volti 14.2 kwenye nyuzi 25 itataka 14.0 kwenye nyuzi 35. Chaja za gari zenye hali ya AGM mara nyingi hupanda hadi 14.7, na ile hali ya kufufua betri hupita 15.5. Kwa betri iliyofungwa, kila ziada hiyo inageuka gesi. Gesi ikizidi, vali inafunguka na maji yanatoka, na maji hayo huwezi kuyarudisha. Betri ikikauka, joto la ndani linaongezeka, ikipata joto inavuta ampea zaidi, na ampea zaidi zinaleta joto zaidi. Kuvimba ndiyo dalili ya mwisho ya mzunguko huo. Betri hiyo haina matengenezo. Itoeni.

Chaja mpya iwe na kihisi cha joto chenye waya, na kihisi kifungwe kwenye betri yenyewe au kichwa chake. Chaja inayopima joto ndani ya kasha lake haitoshi: yenyewe iko kwenye kivuli sakafuni, betri iko nyuma ya injini iliyotoka angani sasa hivi. Kwenye 172 betri imekaa kwenye ukuta wa moto (ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani), kwa hiyo baada ya kutua iacheni ipoe saa mbili hivi kabla ya kuichaji. Betri ikifika nyuzi 50 wakati wa kuchaji, zimeni.

Baada ya kujaa, chaja ishuke yenyewe hadi volti ya kutunza, ambayo kwa betri nyingi za AGM za ndege iko karibu na 13.2 hadi 13.4 kwenye nyuzi 25. Soma kijitabu cha betri yako, kisha pima kwa mita. Maandishi ya kwenye kasha la chaja peke yake hayatoshi.

SWALI: Ndege ikikutwa imeishiwa betri kwenye kiwanja cha porini, je, tunaweza kuijampu kwa Land Cruiser na kuondoka?
Rubani, Arusha

JIBU: Swali hili lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo inayoua watu.

Ya kwanza ni kuwasha. Kama ndege ni ya volti 28, gari la volti 12 halitasaidia chochote. Kama ni ya volti 14, gari liwe limezimwa unapounganisha na unapowasha. Alteneta ya gari ikiwa inafanya kazi na waya ukachomoka ghafla, volti hupaa kwa muda mfupi na redio ndizo zinazolipa. Umeme uingie kwenye soketi ya nje kama ipo, vyombo vya redio vikiwa vimezimwa. Kuhusu swichi kuu, vitabu vinatofautiana: baadhi ya Cessna za zamani zinataka iwe imewashwa kabla ya kuunganisha ili betri imeze mishtuko ya volti. Soma chako. Mfuniko wa injini ukifunguliwa ili kubana vibanio moja kwa moja kwenye betri, mtu atakuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye propela, na hilo hatulishauri. Stata nayo ina mipaka: kitabu cha 172S kinaruhusu sekunde 10 za kuzungusha, 20 za kupumzika, mara tatu, kisha dakika 10 za kupoa.

Sehemu ya pili ni kuruka. Injini ya pistoni ina magneto, vifaa vinavyojitengenezea umeme wa cheche, itanguruma vizuri hata bila betri, na hilo ndilo linalowahadaa marubani. Betri iliyoisha kabisa huvuta karibu kila ampea ambayo alteneta inaweza kutoa, na kwenye 172S hizo ni 60. Mkanda na alteneta vinachemka huku betri bado haina kitu. Alteneta ikiacha kufanya kazi baada ya dakika kumi angani, unabaki bila akiba yoyote: redio, transponda, flapu za umeme na taa vyote vinazima pamoja. Tena betri iliyolala siku kadhaa ikiwa tupu huenda imeganda salfeti na ikakataa chaji kabisa. Na kama imekufa kiasi kwamba relei yake kubwa (swichi inayoendeshwa kwa umeme) haifungi, haimo kwenye mzunguko, hata kama ampmita inakuonyesha sura nzuri.

Cessna waliweka ukaguzi kwa ajili ya hili kwenye kitabu cha 172N. Baada ya kuwasha kwa umeme wa nje na kuuondoa, zima swichi kuu, washa taa za kutua na za kutembelea ardhini, shusha injini hadi mwendo wa chini, washa swichi kuu, panda hadi mizunguko 1,500 hivi, kisha tazama ampmita na taa ya volti ndogo. Ampmita isipoonyesha kuchaji au taa isipozimika, betri itolewe na kuhudumiwa kabla ya kuruka. Sisi tunakwenda mbali kidogo: betri iliyoisha kabisa, hata ikifaulu ukaguzi huo, ichajiwe hadi ijae kabla ya kuondoka. Betri ya Ah 24 kwenye chaja ya ampea 8 inayoendeshwa na jenereta ndogo inataka saa tatu na nusu hadi nne na nusu, ukihesabu na ule mwisho wa polepole. Abiria watanung'unika. Wape chai.

Na kuzungusha propela kwa mkono ili "kuokoa muda" kwenye 182 au 206 iliyojaa watalii, bila fundi aliyefunzwa kazi hiyo na bila mtu kwenye breki, kusifanyike. Hapa hatuna maneno laini.

SWALI: Ile pini ndogo kwenye soketi ya ndege ni ya nini? Plagi yetu imelegea na wakati mwingine umeme hauingii mpaka uisukume kwa goti.
Msaidizi wa fundi, Dodoma

JIBU: Pini mbili kubwa ni hasi na chanya. Ile ndogo ni chanya pia, lakini ni fupi zaidi, na kazi yake ni kuendesha relei ya umeme wa nje. Plagi ikiingia, pini kubwa hugusana kwanza, kisha ndogo, ndipo relei inafunga na umeme mkubwa unapita. Ukichomoa, ndogo inaachia kwanza, relei inafunguka, na pini kubwa zinatoka zikiwa hazina mzigo. Mpangilio huo ndio unaozuia cheche. Kwenye ndege nyingi pini hiyo inapitia diodi, ili mtu akiunganisha kinyume relei isifunge.

Plagi yako imechakaa. Matundu yake yamepanuka, ndiyo maana pini ndogo haifikiwi. Hiyo ni nusu ya shida, na nusu nyingine ni kwamba pini kubwa nazo zinagusa kidogo tu. Sehemu yenye mgusano mbaya ikipitisha ampea 200 inapata joto, shaba inapoteza ugumu wake, inalegea zaidi, na mwisho inaunguza soketi ya ndege, ambayo ni ghali kuliko plagi. Badilisha plagi leo. Kisha angalia pini za ndege: zikiwa na vishimo vyeusi au zimebadilika rangi kuwa za buluu, nazo zibadilishwe, la sivyo zitaiharibu plagi mpya. Kebo isining'inie kwenye soketi kwa uzito wake wote. Itegemezwe.

SWALI: Tunataka kutengeneza mkokoteni wa volti 24 kwa betri mbili za lori. Nyaya za ukubwa gani, na tuchaji vipi?
Mafundi wawili, Entebbe

JIBU: Ni wazo zuri, na kwa injini za pistoni mara nyingi linatosha. Betri mbili za volti 12 za Ah 100 hadi 150, za aina moja, umri mmoja, zilizonunuliwa siku moja, zikiungwa mfululizo hutoa volti 25 na ushei zikiwa zimejaa. Umeme wa betri ni safi, hauna mapigo.

Wengi huharibu kwenye nyaya. Hesabuni. Kebo ya shaba ya milimita mraba 16 yenye urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi ina ukinzani wa karibu omu 0.011. Kwa ampea 200 mnapoteza volti 2.2 njiani. Kwa milimita mraba 35 mnapoteza volti 1 hivi, kwa 50 ni 0.7. Kwenye mkokoteni wa volti 12 ile hasara ya 2.2 ni karibu moja ya tano ya umeme wote, na stata itazunguka kwa uchovu huku ikipata joto. Chukueni 50, fupi iwezekanavyo, ncha zake zikandamizwe kwa koleo la haidroliki lenye ukubwa sahihi. Nyundo si kifaa cha kazi hii. Angalieni pia kama kebo ni shaba kweli: sokoni zipo za alumini zilizopakwa shaba, nyepesi mkononi na nyeupe ukizikwangua, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

Wekeni fyuzi kubwa au swichi ya kukatia kwenye chanya, karibu na betri. Wekeni voltimita inayoonekana. Kisha kuna jambo dogo linaloua mikokoteni mingi: mtu anachukua volti 12 kutoka betri moja ili awashe taa au achaji simu. Betri hiyo inabaki nyuma ya mwenzake. Chaja ya volti 24 ikija, inaiona jozi nzima, haioni kwamba moja imejaa na nyingine haijajaa. Iliyojaa inachajiwa kupita kiasi na iliyo nyuma haifiki kamwe. Mkitaka volti 12, tumieni kipunguza volti kinachochukua kutoka 24 nzima. Kila mwezi pimeni kila betri peke yake baada ya kupumzika usiku mmoja. Tofauti ikizidi volti 0.2, chajini kila moja kwa chaja yake.

Njia ya kukaribia ndege: tokeni nyuma ya bawa, na mtu mmoja tu achomoe kebo, yule ambaye rubani anamwona na waliyepatana naye ishara. Kwenye Cessna nyingi soketi iko ubavuni karibu na ukuta wa moto, na propela inayozunguka haionekani vizuri.

SWALI: Je, mkokoteni kama huo unaweza kuwasha Caravan?
Mhandisi, Zanzibar

JIBU: Ungeweza kuizungusha, lakini swali la kujiuliza ni kama itazunguka kwa kasi inayotakiwa. Injini ya Caravan, PT6A, inataka Ng (kasi ya sehemu ya injini inayozalisha gesi) ifike angalau asilimia 12 kabla mafuta hayajaingia. Umeme ukiwa dhaifu, Ng inapanda kwa kusuasua, hewa inayopita ni chache, mafuta yanawaka bila hewa ya kupoza, na ITT (joto la gesi ndani ya turubini) inapaa. Kwenye PT6A-114A kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde 2. Turubini iliyounguzwa kwa sababu ya betri dhaifu ni hasara inayoweza kununua mikokoteni mingi ya maana.

Kwa hiyo kwa Caravan tumieni chombo cha umeme wa nje cha volti 28 kilichotengenezwa kwa turubini. Kitabu kinatoa ampea za chini na za juu, na zote mbili zina maana. Chombo chenye nguvu kupita kiasi kinaipiga stata kwa mzunguko mkali unaoweza kuumiza meno yake na gia. Vyombo vizuri vina kidhibiti cha ampea za kuanzia, mkiweke kulingana na kitabu. Pimeni pia volti ikiwa na mzigo, maana chombo kinachoonyesha 28 kikiwa hakina kazi kinaweza kushuka vibaya stata inapoanza kuvuta.

Mipaka ya stata nayo inabadilika, na wengi hawaijui. Kwa betri ya ndege: sekunde 30 kuzungusha, 60 kupumzika, 30, kisha 60, 30 tena, halafu dakika 30. Kwa umeme wa nje: sekunde 20, pumziko 120, 20, 120, 20, halafu dakika 60. Umeme wa nje haushuki kama wa betri, stata inapokea zaidi na kuchemka haraka.

Kama hakuna umeme wa nje na betri iko chini ya volti 24 kabla ya kuanza, msijaribu.

SWALI: Nimeletewa chaja ya betri za ndege kutoka Marekani. Je, itafanya kazi hapa? Na umeme ukikatika?
Mwenye ndege, Mwanza

JIBU: Geuza chaja usome kibandiko. Kikisema 100–240 V, 50/60 Hz, unahitaji plagi ya pini tatu za mraba tu. Kikisema 120 V, 60 Hz, usiichomeke kwenye volti 230 hata kwa sekunde moja. Transfoma ya kushusha volti inaweza kusaidia, lakini baadhi ya chaja za transfoma za 60 Hz huchemka kwenye 50 Hz. Ni afadhali kutafuta toleo la volti 230, na watengenezaji wengi wanalo.

Kuhusu kukatika umeme, jaribu hivi kabla hujaiamini: iache ichaji, zima swichi ya ukutani kwa dakika moja, washa tena. Chaja nyingine zinarudi kwenye hali ya kusubiri na hazichaji mpaka mtu abonyeze kitufe. Ukisafiri wiki mbili umeme ukakatika siku ya kwanza, utarudi ukute taa inawaka na betri iko chini. Mbaya zaidi ni zile zinazorudi kwenye volti 12 hata kama ulichagua 24. Nunua inayokumbuka ilipokuwa. Na kati ya chaja na ukuta weka kifaa cha kulinda volti, kile kile kinachowekwa kwenye friji, kinachosubiri dakika chache umeme urudi na utulie.

Kwa viwanja visivyo na umeme, paneli ya sola inatosha kutunza betri, ila isiunganishwe moja kwa moja. Paneli ya "volti 12" hutoa zaidi ya volti 20 ikiwa haina mzigo. Iwe na kidhibiti chenye mpangilio wa AGM na kihisi cha joto, na paneli ya wati 10 hadi 20 inatosha kwa ndege moja.

SWALI: Karakana yetu inachaji betri za nikeli-kadimi na za asidi kwenye chumba kimoja. Mkaguzi amelalamika. Ana haki?
Msimamizi wa karakana, Nairobi

JIBU: Ana haki kabisa. Moja ina asidi, nyingine ina alkali, na hata mvuke au kijiko cha kupimia kilichotumika kwa moja kinaharibu nyingine. Vyumba viwili, zana mbili, aproni mbili, na milango yenye alama. Hewa ipite juu na chini, kwa sababu hidrojeni hulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Unganisha vibanio kabla ya kuwasha chaja, na uzime chaja kabla ya kuvitoa.

SWALI: Nimebadilisha na kuweka betri ya lithiamu iliyoidhinishwa. Je, chaja yangu ya zamani ya AGM inafaa?
Rubani, Kigali

JIBU: Inafaa ikiwa tu haina hali ya kuondoa salfeti, au kama hali hiyo inaweza kuzimwa kabisa, na kama volti yake ya juu iko ndani ya zile zilizotajwa na mtengenezaji wa betri. Lithiamu haina salfeti. Mapigo hayo hayaiponyi, na yanaweza kuichanganya saketi ya ulinzi iliyo ndani. Kama betri ilivuliwa umeme wote, saketi hiyo huikata na mita ikasoma karibu sifuri. Chaja ya kawaida basi haiioni betri na inakataa kuanza. Tumia chaja ambayo mtengenezaji ameitaja kwa jina.

SWALI: Chaja inaonyesha taa ya kijani. Je, betri ni nzima?
Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Taa ya kijani inasema betri imeacha kupokea umeme. Haisemi ina uwezo kiasi gani. Betri iliyochakaa hujaa haraka kuliko nzima kwa sababu hakuna pa kuweka, na hivyo huwasha kijani mapema.

Anza na volti. Iache ipumzike saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, bila chaja wala mzigo. AGM ya ndege iliyojaa inasoma karibu 12.9 au zaidi, ya maji karibu 12.7, zidisha mara mbili kwa volti 24. AGM ikishuka chini ya 12.5, ichaji.

Kipimo cha uwezo ndicho chenye uamuzi, na hufanyika betri ikiwa nje ya ndege. Ijaze kabisa, iache ipumzike, kisha ivute kwa ampea sawa na uwezo wake wa saa moja: betri iliyoandikwa Ah 24 kwa kiwango cha saa moja, ivute ampea 24 bila kubadilika. Andika volti kila dakika tano, na kila dakika inapokaribia mwisho. Simamisha betri ya volti 12 inapofika volti 10.0, ya volti 24 inapofika 20.0. Dakika 60 ni asilimia 100. Kiwango cha kawaida cha kuiondoa ni asilimia 80, yaani dakika 48. Ikikosa mara ya kwanza, kitabu cha betri kinaweza kuruhusu chaji ya kuirekebisha kwa ampea ndogo zisizobadilika kisha kipimo kirudiwe. Chaji hiyo hupandisha volti kupita kiwango ambacho vyombo vya ndege vinavumilia, kwa hiyo isifanywe betri ikiwa imeunganishwa kwenye ndege.

Balbu za gari au koili ya jiko hazitoi mzigo usiobadilika: volti ikishuka, ampea nazo zinashuka, na betri mbovu inaonekana nzima kwa dakika nyingi za bure. Tumieni kifaa cha mzigo wa elektroniki, na mara moja baada ya kipimo irudisheni betri kwenye chaja. Ikilala tupu usiku mmoja kwenye joto la Dar, salfeti inaanza kuganda kwenye bamba.